Data iliyofungwa ikigoma kufunguka: dalili, vyanzo na tiba

Programu nyingi za biashara hapa Mombasa, kuanzia maduka ya leso ya Mtaa wa Biashara hadi ofisi za mawakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, zina safu moja ya hifadhidata inayoitwa `data`, `meta` au `maelezo`. Humo programa huwa amesirialisha, yaani amefunga kuwa mfululizo mmoja wa baiti, orodha nzima au kitu kizima cha programu, kwa `serialize()` ya PHP, `pickle` ya Python au `ObjectOutputStream` ya Java, akakihifadhi kama furushi moja. Hifadhidata hulipokea bila kujua kilichomo. Siku furushi likigoma kufunguka, au likifunguka na kutoa kitu ambacho hukukiweka, haina la kukuambia.

Mifano yangu mingi ni ya MySQL na PHP kwa kuwa huko ndiko ninakokutana zaidi na matatizo haya. Wa PostgreSQL, Python na Java pia watapata sehemu yao.

## Kabla ya kugusa chochote

Chukua nakala rudufu ya jedwali, na uichukue kwa `mysqldump --hex-blob` ili baiti za safu za `BLOB` zisichezewe njiani. Kisha zima kila kazi inayoandika upya rekodi zile. Hili nalisisitiza kwa sababu programu nyingi zikishindwa kufungua furushi hupata orodha tupu, zikaendelea kana kwamba hakuna kitu, kisha zikahifadhi orodha hiyo tupu juu ya data ya zamani. Furushi bovu lililoachwa kama lilivyo aghalabu huokolewa. Lililoandikwa juu halirudi bila nakala.

Baada ya hapo tazama baiti zenyewe. Usiyaamini macho yako kwenye phpMyAdmin, kwa kuwa ukurasa wa kivinjari huficha mengi. Uliza hivi:

```
SELECT id, LENGTH(data), CHAR_LENGTH(data),
       HEX(LEFT(data, 4)), RIGHT(data, 20)
FROM oda WHERE id = 4071;
```

`LENGTH` huhesabu baiti na `CHAR_LENGTH` huhesabu herufi. Zikitofautiana, mna herufi zisizo za ASCII. Mwanzo wa furushi hukuambia ni la lugha gani: `613A` ni orodha ya PHP inayoanza na `a:`, `4F3A` ni kitu cha PHP kinachoanza na `O:`, `800495` kwa kawaida ni pickle ya toleo la 4, `ACED0005` ni Java, na `7B` au `5B` ni JSON. Mwisho nao una ushahidi wake, kwani orodha au kitu cha PHP lazima kiishie kwa `}`. Kwenye PostgreSQL, ikiwa safu ni `bytea`, yaani safu ya baiti, tumia `octet_length(data)` na `encode(substring(data from 1 for 4), 'hex')`.

## Dalili: `unserialize(): Error at offset 65512 of 65535 bytes`

Anza na nambari ya pili, maana ndiyo urefu wa kila kilichofika. Ikiwa ni 65535 au pungufu yake kidogo, furushi limekatwa. Safu za `TEXT` na `BLOB` za MySQL hubeba baiti 65,535 tu. Oda ya kawaida ya rejareja haifiki hapo, lakini mchuuzi anayeagiza mamia ya leso kwa jumla, kila moja na jina lake, rangi, bei na kiungo cha picha, hufika siku moja bila taarifa. Ukiona 255, basi kuna mtu aliyeacha safu ikiwa `VARCHAR(255)`.

Kwa nini hukuonywa? Kwa sababu MySQL isipokuwa katika hali kali hukata kinachozidi, ikatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, na kuendelea. Tangu toleo la 5.7 hali kali, `STRICT_TRANS_TABLES`, huwa imewashwa yenyewe, na kuzidisha urefu huwa kosa. Lakini seva nyingi zimebeba faili za mipangilio za zamani zinazoizima. Angalia kwa `SELECT @@sql_mode;`.

Badilisha safu iwe `MEDIUMBLOB`, ambayo hubeba baiti 16,777,215, kisha washa hali kali. Halafu tafuta majeruhi wengine: `WHERE LENGTH(data) >= 65530`. Kilichokatwa hakimo tena kwenye jedwali, kwa hiyo kitafute kwenye nakala rudufu. Kama seva yako huandika binlog, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yote ya data, kwa mtindo wa STATEMENT, unayo bahati, kwani humo sentensi ya SQL iliandikwa nzima kabla ya kukatwa. Binlog ya mtindo wa ROW haitakusaidia, inabeba kile kilichokwisha kukatwa.

Kukata kuna sura nyingine. Usimbaji unaoitwa `utf8` kwenye MySQL huishia baiti 3 kwa herufi, na emoji huhitaji 4. Nje ya hali kali, maandishi hukatika palepale penye emoji. Mteja ameandika "leteni Nyali kabla ya Maghrib", akaongeza uso wa kucheka, na yote yaliyofuata yamepotea, pamoja na `}` ya mwisho. Dawa yake ni `utf8mb4` kwenye jedwali na kwenye muunganisho pia.

## Dalili ileile, lakini furushi halijakatwa

Hapa ndipo watu hupoteza saa nyingi. Furushi limeanza vizuri, limeisha kwa `}`, kwa macho halina kasoro, na bado linagoma. Karibu kila mara chanzo ni kwamba urefu ulioandikwa ndani haulingani tena na maandishi. Tazama:

```
a:3:{s:4:"jina";s:24:"Ng'ombe wa maskini hazai";s:4:"jozi";i:12;s:3:"bei";i:650;}
```

Ile `s:24` yasema: soma baiti 24 kisha utarajie alama ya kufunga. Ni baiti, si herufi. Baiti ikizidi au kupungua moja tu, PHP hukataa furushi zima.

Urefu huharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni kubadilisha maandishi kwa SQL. Duka limehamia `https`, mtu anaendesha `UPDATE ... SET data = REPLACE(data, 'http://duka.example', 'https://duka.example')`. Maandishi yalikuwa ya baiti 19, sasa ni 20, lakini `s:19` imebaki vilevile. Kwenye WordPress mipangilio ya mandhari na wijeti hutoweka ghafla kwa sababu hii, kwa kuwa jedwali la `wp_options` limejaa data ya namna hiyo. Rejesha nakala ya kabla ya badiliko, kisha tumia `wp search-replace` ya WP-CLI, zana ya WordPress ya mstari wa amri, ambayo hufungua kila furushi, hubadilisha, na kulifunga upya kwa urefu sahihi. Ianze na `--dry-run` uone itakachogusa.

Kwenye mitandao utakuta msimbo mfupi wa `preg_replace_callback` unaohesabu upya kila `s:N`. Hufanya kazi mpaka ukutane na maandishi ambayo yenyewe yana `";` ndani, hapo huharibu kilichokuwa kizima. Uweke akiba kwa siku ambayo huna nakala yoyote, na uuendeshe juu ya nakala ya jedwali pekee.

La pili ni usimbaji wa herufi, na sisi tunaoandika Kiswahili hulipata kwa njia yetu. Mtu anaweza kudhani Kiswahili kiko salama kwa kuwa hakina herufi zenye alama. Lakini tuna ng' yenye ritifaa, na kibodi za simu nyingi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ’. Kwenye `latin1` ya MySQL ritifaa iliyopinda ni baiti 1, kwenye UTF-8 ni baiti 3. Jina la leso lililohesabiwa `s:24` wakati programu ilitumia `latin1` huwa la baiti 26 jedwali likigeuzwa kuwa `utf8mb4`. Rekodi zote zisizo na ritifaa iliyopinda hufunguka sawasawa, zile zenye ng' ndizo hugoma, na anayejaribu kwa data ya majaribio ya Kiingereza hatauona ugonjwa huu kamwe.

Kama hivyo ndivyo ilivyo, usihesabu chochote upya. Fungua muunganisho kwa `SET NAMES latin1`, MySQL itarudisha ritifaa kuwa baiti 1 na `unserialize()` itakubali. Ukiwa ndani ya PHP geuza kila maandishi kutoka Windows-1252 kwenda UTF-8 kwa `mb_convert_encoding`, yafunge upya, na uyahifadhi kwenye safu ya `BLOB`.

Kuna hali inayofanana nayo lakini si hiyo. Programu ilikuwa ikituma UTF-8 tangu mwanzo, ila muunganisho na jedwali vikadai ni `latin1`. Baada ya kugeuza jedwali, ritifaa huonekana kama `â€™`, na jina محمد la mteja aliyejisajili kwa herufi za Kiarabu huwa `Ù…Ø­Ù…Ø¯`. Maandishi yetu ya baiti 26 sasa yamekuwa 31. Hapa tiba ni kurudisha hatua moja nyuma:

```
SELECT CONVERT(CAST(CONVERT(data USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)
FROM oda WHERE id = 4071;
```

Isome kwanza kwa `SELECT`. Matokeo yakisomeka na kufunguka, ndipo uandike. Usiiendeshe juu ya jedwali zima bila kutenganisha, kwa maana rekodi zilizoingia baada ya mageuzi ni nzima, na utaziharibu.

Safu ya `BLOB` ingeepusha yote haya. `ALTER TABLE ... CONVERT TO CHARACTER SET` haigusi safu za baiti tupu. Furushi lililosirialishwa ni baiti, hata likionekana kama maandishi, na safu yake lazima iwe ya baiti.

## Dalili: furushi linafunguka kwenye seva, lakini likinakiliwa kwa mkono linagoma

Sifa za faragha za kitu cha PHP hubeba baiti sifuri pande zote mbili za jina la klasi. Klasi `Oda` yenye sifa ya faragha `bei` hutoa `s:8`, ilhali machoni unaona `Odabei`, herufi sita. Ukinakili kutoka kwenye skrini, zile baiti mbili hubaki nyuma. Ukilazimika kunakili, nakili `HEX(data)` au geuza kwa `TO_BASE64`.

PostgreSQL haikubali baiti sifuri ndani ya `text` kabisa. Utapata `invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x00` au, kutegemea dereva, furushi kukatwa kimyakimya hapohapo. Tumia `bytea`.

## Dalili za Java na Python

`StreamCorruptedException: invalid stream header: EFBFBDEF` ina maana moja. Kuna mahali baiti za Java zilifanywa `String`. `AC` na `ED` si UTF-8 halali, zikabadilishwa kila moja na alama ya kubadilishia, `EFBFBD`. Baiti za asili zimepotea na hakuna ulizo litakalozirudisha. Tafuta `new String(bytes)` kwenye msimbo, uiondoe, na utumie `setBytes` na `getBytes` kwenye safu ya baiti.

Kwa Python, ukihifadhi pickle kwenye `TEXT` utakataliwa kwa `Incorrect string value: '\x80\x04\x95...'`. Huo ni ujumbe mwema, umekuzuia mapema. `pickle data was truncated` ni ugonjwa wa kukatwa tulioujadili juu. Na `unsupported pickle protocol: 5` hutokea sehemu moja ya mfumo ikiwa na Python mpya na nyingine ya zamani. Toleo la 5 lilikuja na Python 3.8, hivyo seva yenye 3.7 hailijui. Taja toleo mwenyewe unapofunga: `pickle.dumps(x, protocol=4)`.

## Dalili: kila kitu kilikuwa sawa mpaka tuliposasisha programu

PHP inakupa `__PHP_Incomplete_Class`. Python inasema `Can't get attribute` au `ModuleNotFoundError`. Java inasema `local class incompatible` na kutaja nambari mbili za `serialVersionUID`. Data haijaguswa, msimbo ndio umehama. Furushi limebeba jina la klasi kama lilivyokuwa siku lilipofungwa, na klasi hiyo imebadilishwa jina au imehamishwa.

Kwa PHP weka `class_alias('Duka\Oda', 'Oda')` kabla ya kufungua. Kwa Python acha moduli ndogo yenye jina la zamani inayoleta klasi mpya, au andika `Unpickler` yako yenye `find_class`. Kwa Java tangaza `serialVersionUID` kwa nambari ileile inayotajwa kuwa ya furushi, ikiwa sifa mpya hazipingani na za zamani. Hizi ni dawa za kutuliza. Data ya wakala wa forodha huulizwa miaka baada ya shehena kuondoka bandarini, na hakuna msimbo unaokaa muda huo bila kubadilika. Kuhifadhi vitu vizima vya klasi kwa muda mrefu ni kujifunga na maamuzi ya leo. Orodha sahili zenye nambari ya toleo ndani zinavumilia zaidi.

## Dalili: hakuna kosa, lakini mabadiliko yanapotea

Mhudumu mmoja anaweka alama kuwa oda imelipwa. Mwenzake, dakika hiyohiyo, anabadilisha anwani kutoka Tononoka kwenda Likoni. Wote wawili wamesoma furushi lilelile, kila mmoja amebadilisha sehemu yake, na wa mwisho kuhifadhi amefuta kazi ya mwenzake. Kama vingekuwa safu mbili tofauti, na kila mhudumu akaandika safu yake tu, pasingekuwa na mgongano. Ongeza safu ya toleo:

```
UPDATE oda SET data = ?, toleo = toleo + 1
WHERE id = ? AND toleo = ?;
```

Ikigusa rekodi sifuri, soma upya na urudie. Au soma kwa `SELECT ... FOR UPDATE` ndani ya muamala.

## Dalili: ripoti zinachukua dakika nzima, au zinadanganya

Ukikuta `WHERE data LIKE '%Likoni%'`, umekipata chanzo. Faharasa ya kawaida haisaidii utafutaji unaoanza na `%`, kwa hiyo jedwali lote husomwa. Na majibu si ya kuaminika: Likoni inaweza kuwa anwani, jina la duka, au maelezo ya mteja kwamba *asiletewe* Likoni.

Malipo ya M-Pesa huonyesha hili wazi kuliko yote. Taarifa ya malipo hufika kama JSON, na ndani ya `CallbackMetadata` kuna orodha ya `Item` yenye `Amount`, `MpesaReceiptNumber`, `TransactionDate` na `PhoneNumber`. Wengi huihifadhi nzima kwenye safu moja na kuishia hapo. Nzima iwekwe, naam, ni ushahidi. Lakini nambari ya risiti itolewe kwenye safu yake yenye faharasa ya `UNIQUE`, ili taarifa ileile ikifika mara mbili hifadhidata yenyewe iikatae na oda isihesabiwe imelipwa mara mbili. Ndani ya furushi la `BLOB` hakuna njia ya kudai upekee. Kiasi na tarehe vipate safu zake pia.

Nambari za simu zina uzito zaidi ya kasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba data yake isahihishwe au ifutwe. Nambari ya mteja ikiwa imejificha katika maelfu ya mafurushi, huwezi kumhakikishia kwamba umeifuta kote. Mtu amekukabidhi nambari yake, na unapaswa kujua ilipo.

## Hatari ambayo haina dalili

Kufungua furushi ni kuunda vitu, na kuunda vitu kunaweza kuendesha msimbo. Nyaraka za Python zenyewe zinaonya kwamba pickle isiyoaminika inaweza kuendesha msimbo wowote. Hoja ya kwamba "data imetoka kwenye hifadhidata yetu" haitoshi, kwa sababu yeyote atakayepata tundu la kuandika kwenye jedwali amepata njia ya kuingia kwenye seva nzima. Kwa PHP, tangu toleo la 7.0, fungua hivi: `unserialize($data, ['allowed_classes' => false])`. Kwa Java weka `ObjectInputFilter`, iliyokuja na Java 9. Kwa pickle, hama.

## Kuhamia JSON na safu za kawaida

Kanuni ninayofuata ni rahisi: chochote unachokitafuta, unachokijumlisha, unachokipanga au kinachomhusu mtu binafsi kinapata safu yake. Kinachobaki, kile unachokisoma kizima na kukirudisha kizima, kinaweza kuwa JSON. MySQL ina aina ya `JSON` tangu 5.7, na PostgreSQL ina `jsonb` tangu 9.4, ambayo hukubali faharasa ya GIN.

Uhamisho nao una mitego. `json_encode()` ikikuta baiti zisizo UTF-8 halali hurudisha `false`, na `false` huingia kwenye safu ya maandishi kama kitu kitupu. Tumia `JSON_THROW_ON_ERROR`, iliyopo tangu PHP 7.3. Orodha tupu ya PHP huwa `[]` hata pale msomaji anapotarajia `{}`. Funguo za nambari za kamusi ya Python huwa maandishi, na `tuple` huwa orodha. `jsonb` haitunzi mpangilio wa funguo, na hukataa `\u0000`. Na ukikuta furushi la JSON linaloanza kwa alama ya kunukuu badala ya `{`, limefungwa mara mbili, tafuta mahali panapofunga kilichokwisha kufungwa.

Usiifute safu ya zamani siku ya kuhama. Acha programu iandike kote kuwili kwa muda, na kila usiku endesha kazi inayofungua furushi la zamani, inalinganisha na safu mpya, na kuandika `id` za zisizolingana. Anza na rekodi zenye ng', zenye majina ya Kiarabu na zenye emoji. Orodha hiyo ikitoka tupu mwezi mzima, pamoja na siku za kufunga hesabu, badilisha jina la safu ya zamani uone ni nani atakayelalamika. Asipojitokeza mtu, chukua nakala ya mwisho kwa `--hex-blob`, kisha uifute.